Gari za zamani za Safari na njia yetu ya ziwa: kwa nini haziwezi kushuka mpaka Fizi

Tangu Kongo iingie kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kuna swali linalorudi kila mara kwenye magurupu ya WhatsApp ya vijana wa Baraka na Fizi. Linarudi kila video za Kenya zinapopita: gari za michezo za zamani, Porsche 911, Datsun 240Z, Ford Escort, gari za miaka ya 1970 zenye umri kupita vijana wanaozitazama, zinakimbia ndani ya vumbi jekundu na mlima Kilimanjaro unaonekana nyuma. Mashindano yenyewe yana jina la Afrika Mashariki. Sasa vijana wanauliza: kama na sisi tuko Afrika Mashariki, kwa nini gari hizo hazishuki mpaka huku, kwenye njia ya ziwa kutoka Uvira mpaka Baraka, halafu zipande Fizi na milima ya juu?

Wengi wanauliza kwa kucheka. Mimi naliona ni swali la kweli, na jibu lake linamgusa mama anayepeleka ndakala sokoni kuliko linavyomgusa mwenye Porsche. Kwa hiyo tulijibu taratibu.

Mashindano hayo yanaitwa East African Safari Classic. Yalianza mwaka 2003, kukumbuka miaka 50 ya yale ya kwanza kabisa. Yale ya kwanza yalifanyika mwaka 1953, wakati wa Waingereza, kusherehekea Malkia Elizabeth II kuvikwa taji, na njia ilizunguka nchi tatu: Kenya, Uganda na Tanganyika. Classic ya leo inachukua gari za zamani tu. Wenye gari wengi ni watu wa pesa kutoka Ulaya, pamoja na madereva wa Kenya wenyewe. Kwa siku nyingi wanapita njia za udongo Kenya, na miaka kadhaa wamevuka mpaka Tanzania. Jioni wanalala hotelini, mafundi wanabaki na gari usiku kucha.

Mtu akitazama video anafikiri siri iko kwenye gari. Tuangalie hesabu za mashindano ya zamani, zitatufundisha kitu kingine. Porsche, pamoja na sifa zake zote, haikushinda Safari ile ya zamani hata mara moja. Mwaka 1974 Björn Waldegård wa Sweden alikuja nayo akatoka wa pili. Aliyemshinda ni Joginder Singh, Mkenya, ndani ya Mitsubishi Lancer ndogo. Mwaka 1978 Porsche ikarudi, Vic Preston Junior akatoka wa pili tena, nyuma ya Peugeot 504. Na kabla ya hapo, mwaka 1954, aliyeshinda alikuwa na Volkswagen ile ya mgongo wa mviringo, ambayo wazee wetu wanaijua kwa jina la Coccinelle. Peugeot 404 ilishinda mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Wazee wa Uvira wanaikumbuka 404, ilikuwa gari ya mwalimu, ya mfanyabiashara, ya taksi. Hakuna aliyeiita gari ya michezo.

Juu ya nini ilishinda? Ilikuwa ngumu, ilikuwa juu kidogo kutoka chini, na fundi wa kawaida aliweza kuifungua na kuirudisha. Mwaka 1963 gari 84 zilianza, zikafika 7 tu. Mwaka 1968 vilevile, zilifika 7. Safari ilikuwa inapangwa wakati wa Pasaka, mvua zikiwa nyingi, ili potopoto ichague mshindi. Porsche ilikuwa na faida zake: injini yake iko nyuma, uzito unakandamiza magurudumu yanayosukuma, na ilipozwa na hewa, kwa hiyo hakuna radiateri ya kupasuka porini. Lakini mbio ndefu hazitafuti faida. Zinatafuta kitu kimoja dhaifu kwenye gari, kisha zinakivunja.

Datsun 240Z ndiyo gari ya michezo ya kweli iliyoshinda, mwaka 1971 na tena 1973. Huyo wa 1973 alikuwa Shekhar Mehta, na historia yake inatuingiza moja kwa moja kwenye jambo letu. Alizaliwa Uganda. Mwaka 1972 Idi Amin alifukuza watu wa asili ya Asia, Mehta akaondoka kama wengine, akakaa Kenya, na mwaka uliofuata akashinda. Baadaye akashinda tena mara nne mfululizo, 1979 mpaka 1982. Lakini Safari yenyewe ilikuwa imeshapungua. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 ilibaki ndani ya Kenya. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na mpaka huo haukufunguliwa mpaka 1983.

Nadhani hapo ndipo vijana wetu wangesimama kidogo. Gari hazikushindwa kwenda Kampala au Dar es Salaam. Njia ya Kampala ilikuwa palepale. Kilichokatika ni ruhusa ya kupita na uhakika wa kurudi.

Tufanye safari hiyo kwa mawazo

Tuseme mtu ana Porsche ya mwaka 1973, anatoka Bujumbura, anafika mpaka wa Kavimvira. Kwa jambo moja angepata raha kuliko Kenya: huku tunaendesha upande wa kulia kama Ulaya, na usukani wake uko kushoto, mahali panapofaa. Kwenye karatasi pia hali siyo mbaya. Kadi ya njano ya bima ya COMESA inatambulika kwetu, na Jumuiya tumeingia.

Anaingia Uvira. Anavuka mto Mulongwe, ule uliojaa Aprili 2020 ukabeba nyumba na watu. Anapita Kalundu, bandari, ambako maji ya ziwa yamepanda miaka hii ya karibuni mpaka yakaingia kwenye nyumba na maghala. Kisha mji unaisha na njia inabanwa: kuume milima ya Mitumba inashuka karibu kugusa njia, kushoto ziwa lote liko wazi, na ng'ambo unaona milima ya Burundi. Sijaona njia ya Kenya kwa macho yangu, nimeona picha, lakini sidhani wana kitu kama kile kipande cha asubuhi, wakati mitumbwi ya wavuvi inarudi na taa bado zinawaka. Ziwa hilo lina kina cha karibu mita 1,470, ni la pili duniani kwa kina. Mtu wa Ulaya angelipa pesa nyingi kuendesha gari ya zamani taratibu pale, kioo kikiwa chini.

Halafu Makobola, ambako mwisho wa mwaka 1998 raia wengi waliuawa. Anayepita bila kujua ataona kijiji cha kando ya ziwa na miti. Na kama angetokea Gatumba, kabla ya Kavimvira, angekuwa amepita mahali wakimbizi Banyamulenge walipouawa usiku wa Agosti 2004. Kwenye njia hii kila jamii ina jina la mahali linaloiuma. Ni vizuri anayeita njia yetu nzuri ayajue yote mawili, asichague moja.

Anaendelea: Swima, Mboko, Nundu, Lusenda ambako Warundi wamekaa kambini tangu 2015. Mpaka hapa kama ni wakati wa kipwa, na kama anaenda polepole, Porsche yake ikiwa imeinuliwa inaweza kuendelea. Kama mvua imenyesha, atasubiri mtoni pamoja na wenye Fuso na wenye moto. Baraka ataiona upande wa ghuba, Ubwari ikiwa mbele imelala ndani ya maji. Toka hapo njia inaacha ziwa na kupanda Fizi, na hapo hata mwenye Land Cruiser anaanza kusali. Kutoka huko mpaka Minembwe, kwenye zaidi ya mita 2,000, kwenye nyasi na ng'ombe na baridi ya asubuhi, Porsche haifiki, tuseme ukweli. Na siyo Porsche peke yake.

Gari za zamani kwetu zipo

Kitu kinachonichekesha kidogo ni kwamba gari za umri ule tunazo tayari. Nenda stendi yoyote ya Uvira au Baraka uangalie kinachobeba watu na mizigo: gari zilizokwisha kazi yao Japani au Ulaya, zikapita mikono mitatu minne, zikafika huku zikaanza maisha mengine. Mlango unafungwa kwa kamba ya mpira. Resori imefungwa kipande cha tairi. Abiria wanne pale panapostahili watatu, ndoo za mgebuka nyuma, na jerikani za mafuta ya mawese juu ya paa. Fundi anayeifufua gari ile kando ya njia, bila mashine, kwa nyundo na waya, angepata kazi kwenye timu yoyote ya Safari Classic. Kwa mafundi tuko sawa, pengine tumewapita.

Tofauti ni kwamba potopoto ya mashindano mtu ameichagua. Siku fulani inaisha. Wakati wa timu kubwa za viwanda, helikopta na ndege ndogo zilifuata gari kutoka juu, zikiwaambia madereva kama kuna ng'ombe mbele au mto umejaa. Kwetu potopoto haina siku ya kuisha, na aliye ndani yake hakuichagua. Mama mwenye uchungu wa uzazi anayebebwa kwa kipoyi kushuka kilima naye anafanya safari ya mandhari nzuri. Mfuko wa chumvi unapanda milima ya juu kwa moto na kwa kichwa cha mtu, na kila kilometa inaingia kwenye bei.

Sasa, njia ya udongo inakufa namna gani? Watu wengi wanasema ni mvua. Mvua ipo Kenya pia, ipo Tanzania. Njia ya udongo iliyotengenezwa vizuri ina mgongo: katikati iko juu, pembeni chini, maji yanakimbilia kwenye mifereji ya pande mbili na kutoka. Siku mfereji unaziba kwa majani na udongo, maji yanakosa pa kwenda yanapita juu ya njia. Yanafuata alama za magurudumu. Fuso yenye tani zake inapita palepale, alama inakuwa shimo, shimo linakuwa bwawa. Dereva anayefuata anakwepa, anakanyaga pembeni, anaua mfereji kabisa. Ndani ya mvua moja au mbili kilometa ile imekufa. Ilikuwa inahitaji mtu mmoja mwenye chepeo na jembe, siku moja, wakati mfereji ulikuwa umeanza kuziba.

Wazee wanawakumbuka watu hao: makantonye. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha njia, na kama maji yalisimama pale, alijulikana ni nani wa kuulizwa. Wakati wa wabelgiji kazi hiyo ilikuwa na kiboko ndani yake, tusiisifu. Wakati wa Mobutu ikaitwa salongo, na watu walichoka nayo. Lakini akili ya kazi yenyewe ilikuwa sahihi: njia inalindwa kila wiki, haisubiri mradi mkubwa na sherehe ya kukata utepe. Leo tuna Office des Routes, iliyoundwa mwaka 1971, na tuna FONER, mfuko wa matengenezo ya njia, uliowekwa kwa sheria mwaka 2008, unaokula kwenye kila litre ya mafuta na kwenye peaji. Kwa hiyo dereva wa gari ile ya mlango wa kamba amekwisha kulipia mfereji. Analipa kila anapojaza mafuta.

Halafu analipa tena. Mwaka 2017 watafiti wa shirika la IPIS la Ubelgiji walihesabu baria 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, na kwenye sehemu kubwa walikuta watu wa serikali wenyewe, siyo waasi tu. Kichwa cha ripoti yao kilisema kila kitu kinachotembea kitatozwa. Tangu hapo hali haikupata nafasi ya kuwa nyepesi: vita ya milima ya juu, vikundi vyenye silaha vya kila upande, na Februari 2025 Bukavu ikaingia mikononi mwa M23, ikawa anayetoka Uvira kwenda Bukavu kwa RN5, njia ileile moja ya taifa, anatoka kwa wenye silaha hawa na kuingia kwa wale.

Lakini siyo kila kamba iliyofungwa kwenye njia ni sawa. Kuna mwenye bunduki ambaye hatoi risiti wala hajibu swali. Kuna mtumishi mwenye kofia na kitabu cha risiti, ambaye kitabu chake siku nyingine kinabaki nyumbani. Na kuna vijana wa kijiji waliojaza shimo kwa mawe toka asubuhi, wakafunga kamba, wanaomba kitu kidogo kwa kila moto. Hao wa tatu watu wanawatukana kama wengine. Mimi sioni haki kuwaweka ndani ya kapu moja. Hao ndio makantonye wa leo, hawana mshahara tu. Hatari yake ni hii: kama shimo ndilo linaleta pesa, siku moja kijana atajifunza kutolijaza lote. Hiyo siyo roho mbaya, ni hesabu, na serikali ndiyo iliyomwachia hesabu hiyo.

Tuje Minembwe. Kwa watu wa huku njia ina swali la ziada, nalo mashindano ya Kenya hayalijui kabisa. Dereva wa Classic anauliza: gari itapita? Mtu wa milima ya juu, kwa miaka mingi sasa, anauliza kwanza: mimi nitapita? Jina langu litapita, uso wangu utapita, kijiji nilichozaliwa kitapita? Swali hilo lipo kwa Mnyamulenge anayetaka kushuka sokoni Baraka, na lipo kwa Mbembe, Mnyindu au Mfuliru anayetaka kupanda kununua ng'ombe au kurudi shambani kwake. Ndiyo maana wenye uwezo wanasubiri ndege ndogo, na wasio na uwezo wanabaki. Masoko yaliyokuwa yanakutanisha ng'ombe wa juu na samaki wa chini ndiyo yalikuwa yanalinda njia hii kuliko trekta lolote, maana kila upande ulikuwa na sababu ya kutaka njia iwe wazi.

Kuna watu wazuri wenye wazo la kufanya kitu kama Safari hapa: msafara wa gari za zamani au wa moto, Uvira mpaka Fizi, kwa ajili ya amani na utalii. Sipendi kuua ndoto ya mtu. Lakini naona hatari kwamba njia ingetengenezwa kwa wiki mbili, baria zingeinuliwa siku tatu, wakubwa wangekuja na magari yao ya vioo vyeusi, picha zingepigwa, na wiki iliyofuata mwenye ndoo za mgebuka angekuta kila kitu kimerudi mahali pake. Msafara uje baadaye. Kipimo changu ni kidogo zaidi: mfanyabiashara mmoja, mwenye gari yake kuukuu, atoke Uvira mpaka Fizi-centre na kurudi, asilipe kitu kisicho na risiti, asilale mtoni, na asiulizwe kabila. Siku hiyo mwenye Porsche atakuja mwenyewe, bila kualikwa.

Na anaweza kusubiri. Waldegård aliyeshindwa na Lancer mwaka 1974 alirudi Kenya na Porsche 911 mwaka 2011, akiwa na miaka 68, mwanawe Mathias amekaa kando yake akisoma njia, akashinda Classic. Gari za namna ile zinatunzwa, hazina haraka.

Mfereji ndio wenye haraka. Kipwa kinaanza Juni, na Septemba mvua imekwisha kurudi. Kazi yote ya chepeo inapaswa kufanyika kati ya hapo. Wakaaji wa sekta ya Mutambala na wa Lulenge, na wa Minembwe, wana haki ya kumuuliza kiongozi wao sasa hivi, kabla udongo haujakauka: kutoka mto gani mpaka mto gani kuna mtu aliyepewa kipande cha njia, jina lake ni nani, na analipwa na pesa ipi kati ya zile tulizokwisha kutoa.